Envelopu filta ya besi kwa ajili ya fanki: nichukue ipi, na mbona hii yangu inakula sauti yote ya chini?

BesiYaNkuhungu
Wakuu habari zenu. Mimi ni mpiga besi hapa Dodoma, Jumapili napiga kanisani, Ijumaa na Jumamosi tuna bendi yetu ndogo tunapiga sehemu moja ya nyama choma huku Nkuhungu, rumba, zilipendwa, na siku hizi tumeanza kuingiza fanki maana kuna wateja ukiwawekea hiyo kitu wanaacha nyama inapoa wanasimama. Sasa nataka ile sauti ya besi inayosema "waau waau" kama ya Bootsy Collins, yule mpiga besi wa fanki wa Marekani, ile ambayo kila noti ni kama inafungua mdomo.

Mwezi uliopita nikanunua kwa mtu pedali ndogo ya otowaa, yaani hiyo hiyo envelopu filta, mtumba, aliniambia inafaa gita lolote. Nimeichomeka, ile waau ipo kweli lakini besi yenyewe imepotea, nabaki na kitu kama mbu anaimba ndani ya debe. Tena kuna noti inafunguka nyingine haifunguki, nikipiga kwa nguvu hamna tofauti. Jumapili nimejaribu kwenye pambio moja tu, mwalimu wa kwaya kanigeukia katikati ya wimbo ananiuliza spika imepasuka?? Nikazima kimya kimya.

Nina kama laki tatu na nusu, naweza kuongeza kidogo. Huku Dom sijaona duka la kwenda kujaribu pedali kabla ya kununua, mpaka uagize Kariakoo au nje kabisa, ndo maana nauliza kwanza nisije nikapigwa mara ya pili. Nichukue ipi?

FundiSoda
Mkuu kabla hujatoa hela jibu haya: besi yako ni aktivi (ina betri ndani) au pasivi (haina), nyuzi ngapi, na pedali umezipanga vipi kuanzia kwenye besi mpaka kwenye amplifaya?

BesiYaNkuhungu
Aktivi, ina betri ya volti 9 nyuma, nyuzi 5. Mpangilio: besi, kompresa, hiyo otowaa, amplifaya. Kompresa naiachaga imewaka muda wote, imekaza sana kwa sababu fundi mitambo wa kanisani hapendi besi iruke ruke.

FundiSoda
Nilijua tu. Nusu ya tatizo lako ni hiyo kompresa.

Iko hivi. Envelopu filta ina sikio. Inasikiliza umepiga uzi kwa nguvu kiasi gani, ile nguvu inageuzwa kuwa volteji, na hiyo volteji ndiyo inayofungua na kufunga filta. Ukigonga sana inafunguka sana, ukigusa taratibu inafunguka kidogo. Jaribu kwa mdomo wako hapo ulipo, sema "uuu" halafu upanue mdomo iwe "aaa", koo linatoa sauti ileile ila mdomo ndo unachagua kipi kitoke. Sasa kompresa kazi yake ni kusawazisha, noti ndogo inapandishwa, kubwa inashushwa. Ukiiweka ikiwa imekaza hivyo kabla ya filta unalipelekea sikio sauti ya kiwango kimoja muda wote, litajuaje umepiga kwa hasira au unabembeleza? Ndo maana unasema ukipiga kwa nguvu hamna tofauti. Ihamishe iende NYUMA ya filta, yaani kati ya filta na amplifaya. Huko itakusaidia kabisa, maana filta ikifunguka huwa inatoa vilele vikali, kompresa inavikata, na fundi mitambo wako analala usingizi.

La pili ni hilo la mbu kwenye debe. Pedali nyingi za otowaa zimetengenezwa kwa gita la solo, ambalo uzi wake mnene kabisa E ni kama hezi 82 (mitetemo kwa sekunde). E ya besi ni kama hezi 41, na wewe una nyuzi 5 kwa hiyo hiyo B yako iko kama 31. Afu filta ya aina hiyo mara nyingi ni bendi pasi, maana yake inapitisha kipande cha katikati tu, juu inakata na chini inakata. Chini ndiko unakokaa wewe mkuu! Kwa besi unatafuta moja kati ya mawili, iwe na loo pasi (inaacha chini inakata juu) au iwe na nobu ya kuchanganya sauti safi isiyoguswa na ile iliyopita kwenye filta. Ikiwa na vyote viwili usiulize tena, lipa.

La tatu, besi aktivi inatoa sauti kubwa kuliko pasivi, inaweza kuwa inaifungua filta mpaka mwisho muda wote. Punguza volyumu kwenye besi yenyewe uone.

DadaNyuziNne
Fundi kamaliza nusu ya uzi peke yake 😂

Mimi natumia MXR M82, ile Bass Envelope Filter, mwaka wa tatu huu. Ina nobu tano, ila iliyonifanya niinunue ni moja tu, imeandikwa DRY, yaani sauti safi ina volyumu yake na ya filta ina yake, FX. Naweka DRY mpaka nisikie besi yangu imerudi nzito kama haijaguswa, afu napandisha FX taratibu juu yake. Zilizobaki ni Decay, filta inavyochukua muda kujifunga, Q, ukali wa ile waau, na Sens, yaani lile sikio alilosema fundi.

Kaka nikwambie namna ya kuiseti maana watu wengi wanazungusha nobu zote kwa pamoja afu wanasema pedali mbovu. Sens iweke sifuri. Piga grufu yako, yaani mdundo wako, kama unavyopigaga jukwaani, sio kama unavyopigaga chumbani, jukwaani mkono unakuwa mzito ujue. Anza kupandisha Sens kidogo kidogo mpaka zile noti za mkazo zifunguke na zile ndogo ndogo zibaki zimefumba. Hapo simama. Ukizidisha kila kitu kinafunguka inakuwa bata tu anapita uwani. Fanki inataka ile noti ya kwanza ya mzunguko ndo iseme WAU, zingine zinong'one.

Na mkono wa kushoto usisahau, fupisha noti, uzi uubane mapema. Noti ndefu ndefu kwenye filta zinachosha wasikilizaji, na sikio la pedali halipati nafasi ya kupumzika kabla ya noti inayofuata. Mimi nilikaa miezi miwili naisema pedali kumbe ni vidole vyangu.

Bei yake mpya nje siyo ndogo, ukiongeza usafiri na ushuru hiyo bajeti yako itakosa pumzi. Mtumba ulio safi labda.

KijanaWaIpagala
Mbona mnamtesa jamaa, anunue Zoom B1 Four basi. Ndani kuna otowaa, kompresa, oktava, disto, tyuna, mpaka biti za dramu za kufanyia mazoezi na luupa ya kurekodi kipande kijirudie, na inaenda kwa betri nne ndogo zile za rimoti, umeme ukikata unaendelea kupiga. Kwa laki tatu na nusu chenji inaweza kubaki ya kuku wa Chako ni Chako.

DadaNyuziNne
Kijana siipingi Zoom, hata mimi nilianza nayo na kwa mtu asiyejua bado anataka nini ni darasa zuri, unajaribu kila kitu ndani ya boksi moja. Ila kwa filta hasa, mimi ilikuwa inanipa ile waau kama imechelewa kidogo na inajirudia sawasawa kila noti, mkono wangu siusikii ndani yake. Labda ni masikio yangu. Na kuinama kutafuta menyu katikati ya wimbo, hapana jamani.

KijanaWaIpagala
Sens yake uliigusa lakini? 😏 Tumeshaambiwa hapo juu watu wanalaumu pedali.

DadaNyuziNne
Haya umeshinda, sikumbuki 😂😂

MzeeWaRizimu
Vijana hamjambo. Naona mnataja Bootsy na hamtaji chombo chake. Ile sauti inatoka kwenye Mu-Tron III, ilitoka Marekani 1972, kampuni ya Musitronics, aliyeibuni ni Mike Beigel. Stevie Wonder naye aliipitishia klavineti, kinanda cha umeme chenye nyuzi ndani, mwaka 1973, wengi wanadhani ni gita lile. Ndani yake kuna kitaa kidogo, ukipiga kwa nguvu kinawaka zaidi, na mbele ya kitaa kuna kipande kinachobadilika kwa mwanga, basi ndiyo filta inafunguka. Kipande hicho hakibadiliki ghafla, ndiyo maana ile sauti ina ulaini fulani kama mtu anayezungumza.

Za zamani zina bei ya kununulia bodaboda, usihangaike nazo. Ila Beigel huyohuyo baadaye aliwatengenezea Electro-Harmonix ile Q-Tron, na kuna ndogo yake Micro Q-Tron ambayo ina swichi ya kuchagua loo pasi, bendi pasi au hai pasi. Kwa besi weka loo pasi, funga mjadala. Haina nobu ya kuchanganya sauti safi, ila kwenye loo pasi chini hakukimbii sana.

Na msidhani haya mambo ni ya Wamarekani peke yao. Patrick Balisidya, mtu wa huku huku Dodoma, na bendi yake Afro 70 miaka ya sabini waliingiza soul ndani ya dansi yetu na watu wakacheza. Na ilimba ya Kigogo, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, mmewahi kuitazama karibu? Wazee wanaziba tundu la sanduku kwa utando wa buibui ili sauti isitoke tupu, itoke na mtetemo juu yake. Hiyo nayo ni pedali, haina betri tu.

BesiYaNkuhungu
Shikamoo mzee. Hiyo ya utando wa buibui imeniua, babu yangu alikuwa nayo Mvumi, mimi nilidhani ni uchafu nikataka kuifuta 🙈 nilichapwa.

Mrejesho wakuu: jana usiku nimehamisha kompresa nyuma kama fundi alivyosema, volyumu ya besi nikapunguza kama robo. Aisee. Pedali ileile mbovu, lakini sasa INAITIKA. Nikigusa imefumba, nikigonga inafunguka. Chini bado hakuna, ila angalau nimeelewa nilikuwa nakosa nini. Sasa swali, kuna namna ya kurudisha chini kwenye hii hii wakati natafuta hela?

FundiSoda
Shikamoo ya mzee naipokea na mimi 😂

Ipo. Tafuta kigawa sauti, boksi dogo lenye jeki moja ya kuingilia na mbili za kutokea. Moja inaenda safi kwenye chaneli ya mikseta, ya pili inapita kwenye otowaa inaenda chaneli nyingine, fundi mitambo anachanganya. Ile ya otowaa akate chini kabisa, ile safi ndo ibebe uzito. Angalizo: ukiunganisha zote mbili halafu besi ikawa nyembamba kuliko ilipokuwa moja, zinapishana mawimbi, zinafutana. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye chaneli moja, kama mikseta yenu inacho, sikiliza ipi imejaa zaidi. Inahitaji fundi mitambo mwenye moyo lakini.

Halafu adapta. Hizi pedali nyingi ni volti 9 DC, hasi katikati chanya nje. Soma kibandiko kabla hujachomeka, nimeshaletewa tatu zimeungua kwa adapta ya king'amuzi. Na ukisikia mmm inayoendelea hata hujagusa uzi jaribu betri kwanza, ikinyamaza ujue mwizi ni adapta.

ChapatiMaji
Nimesoma uzi wote mimi napiga tarumbeta, nilikuja kutafuta bahasha 🚶

KijanaWaIpagala
Hahaha kaa hapo hapo mkuu, tarumbeta nayo inaingia kwenye filta ukiwa na maiki.

Mleta uzi, kitu kimoja kabla hujanunua chochote, nyuzi zako zina umri gani? Maana filta haiwezi kufungua kitu ambacho hakipo. Nyuzi zikishakufa zinabaki na dum dum tu, hamna mng'ao wa juu, filta inafungua mlango ndani hamna mtu. Badilisha nyuzi kwanza usikie.

BesiYaNkuhungu
Umri wake... zilikuja na besi. 2021.

DadaNyuziNne
MUNGU WANGU

MzeeWaRizimu
Kijana kasema kweli hapo. Na kama una pedali ya oktava, ile inayoongeza noti hiyohiyo kwa chini, iweke kabla ya filta, siyo baada yake, ile ya chini iingie pamoja na ya juu zote zifunguke kwa pamoja, inatoka kama kinanda cha zamani.

BesiYaNkuhungu
Oktava sina mzee, nikipata nitaanza na nyuzi. Kwa hiyo nilivyowaelewa: nyuzi mpya wiki hii, nitafute M82 ya mtumba, nikiikosa Micro Q-Tron kwenye loo pasi. Zoom namwachia mdogo wangu anayejifunza. Dada uko Dom kweli? Naweza kuja kuijaribu yako hata dakika kumi kabla sijatuma hela Dar?

DadaNyuziNne
Niko Kisasa. Jumamosi tuna mazoezi kuanzia saa nane mchana, njoo na besi yako usije na mikono mitupu ukapigia ya kwangu, yangu ni pasivi haitakwambia ukweli. Waya njoo nazo mbili. Nakutumia maelekezo inboksi.

BesiYaNkuhungu
Nakuja dada, ubarikiwe. Nyuzi nimeagiza tayari, jamaa anaziweka kwenye treni ya kesho asubuhi.

ChapatiMaji
Na mimi nije na tarumbeta?

DadaNyuziNne
Njoo. Maiki ipo.