Naombeni ushauri: nitaihakikije Shield Hero kwa haki wakati habari ya mtumwa inanikera?

Mtembezi_Unguja
Asalaam alaykum wakuu. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Usiku naandika uhakiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, kwenye kundi letu, wengi vijana. Kawaida sina tabu: naandika, nagawa alama, tunabishana, tunalala.

Sasa wamenipigia kura nihakiki The Rising of the Shield Hero, msimu wa kwanza wa 2019, sehemu 25. Nimezimaliza zote. Kwa wasioijua: Naofumi anaitwa kutoka Japani aje kuwa shujaa wa ngao katika ufalme wa Melromarc. Anasingiziwa ubakaji, anaibiwa, hakuna wa kufuatana naye vitani. Ngao haishambulii, kwa hiyo anahitaji mtu wa kushika upanga. Anakwenda kwa muuza watumwa, ananunua kitoto kinachokohoa, Raphtalia, chenye masikio na mkia. Kinachorwa alama kifuani. Kikikaidi amri, alama inakiunguza.

Siku niliyoanza kuitazama, asubuhi nilikuwa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Nimeshuka na wageni kwenye vile vyumba vya chini ambavyo lazima uiname, kisha nikawapeleka nje kwenye yale masanamu matano yaliyofungwa minyororo shimoni. Maneno ya pale nayasema hata nikiwa usingizini. Jioni nafungua simu, naona mtoto kwenye tundu, na muziki unaniambia nimhurumie mnunuzi.

Na bado, jamani, sehemu ya pili ni nzuri. Anamnunulia chakula cha watoto chenye kibendera juu. Usiku mtoto anapiga mayowe ya ndoto mbaya, jamaa anamkumbatia. Machozi yalinilenga, halafu nikajikasirikia.

Nikitoa 3 watasema nimeleta mambo ya kazini. Nikitoa 8, kesho nitasimamaje pale shimoni? Naomba mawazo.

Kijiti_Kavu
Katuni hiyo mkuu. Andika 7 ukalale.

Ngao_ya_Mbao
Mimi ni shabiki wake, nitaitetea. Ukiandika "anime hii inasifu utumwa" utakuwa umeisingizia, maana kuna yule Idol Rabier, aliyemtesa Raphtalia na wenzake, na anaonyeshwa kama mnyama. Naofumi mwenyewe pale dukani ameshaharibika roho, hamwamini mtu. Tunaona dunia kwa jicho lake. Anza kwa kueleza hilo vizuri, hadi mimi shabiki niseme ndiyo, umeielewa. Baada ya hapo nipige utakavyo.

Mtembezi_Unguja
Nakubali kuhusu Rabier. Lakini ndilo linalonisumbua zaidi: mtumwa wa mtu mbaya ni dhambi, mtumwa wa mtu mwema ni mapenzi. Wageni wangu huniuliza swali hilohilo, "lakini si wengine walitendewa vizuri?"

Ngao_ya_Mbao
Hilo liandike. Linauma, ila si uongo.

Msomaji_Nakuru
Niaje ndugu. Swali moja tu. Ile anime ya Attack on Titan uliipa 9, na mhusika wake mkuu Eren ameangamiza asilimia 80 ya binadamu. Mbona hapo hukukosa usingizi?

Mtembezi_Unguja
Hahaha umenivizia. Nadhani ni kwa sababu pale sikuombwa nipige makofi. Marafiki zake wenyewe ndio wanaokwenda kumzuia.

Msomaji_Nakuru
Basi kipimo chako umekitaja mwenyewe. Hukasirishwi na kilichoonyeshwa, unakasirishwa na unachoombwa ukikubali. Tafuta mahali Shield Hero inapokuomba.

Karani_Mstaafu
Mahali penyewe ni sehemu ya nne na ya tano, mwanangu. Wajukuu wangu walinikalisha nikazitazama. Shujaa wa mkuki anapambana na Naofumi, alama ya Raphtalia inafutwa, yuko huru. Kisha kwa miguu yake mwenyewe anarudi kwa muuza watumwa kuomba alama nyingine, ili bwana wake amwamini. Hapo ndipo mtazamaji anapotakiwa kusema: ah, basi sawa, ameridhia.

Na hapo wewe una jambo ambalo mhakiki wa Tokyo hatalifikiria. Soko lilifungwa 1873, hilo unawaambia wageni kila siku. Lakini utumwa wenyewe Unguja haukuondolewa kisheria mpaka 1897, na hata hapo mtu hakuamka asubuhi akajikuta huru. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe, na aonyeshe atakaa wapi na atakula nini. Masuria wakaachwa nje hadi 1909. Wengi hawakwenda kuomba. Wapo walioshikilia hilo kuwa ushahidi kwamba watu wameridhika na mabwana zao. Mtu hana shamba, hana ukoo, kwao ni safari ya miezi, na hata akifika hajui kama kijiji bado kipo. Atakwenda wapi?

Sasa mtazame Raphtalia. Wazazi wamekufa, kijiji kimeangamia. Je, hadithi inajua kwamba hana pa kwenda, au inamrudisha tu ili Naofumi apate mwenzi asiyeweza kumsaliti? Mimi nina jibu langu, silisemi. Jibu kwa mifano ya kwenye anime yenyewe, uone kama kuna atakayesema umeleta mambo ya kazini.

Mtembezi_Unguja
Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa kimya dakika kumi.

Chai_Tangawizi
La ufundi: usiandike "muziki 10, maadili 2" kama vile ni sahani mbili. Muziki wa Kevin Penkin ndio unaokuhurumisha pale usipotaka. Usifie uwezo wake, kisha sema unakupeleka wapi.

Mama_Wawili
Wanaume mmejadili utumwa vizuri, hongereni. Lile la ubakaji mmelipita kwa neno moja. Hadithi nzima inaanza na mwanamke kudanganya kuwa amebakwa. Na baada ya hapo shujaa anapata msichana ambaye kifuani ana alama ya kumzuia asimwasi. Hayo mawili si mambo mawili.

Mtembezi_Unguja
Dada, hapo nilikuwa sijafika kabisa. Narudia sehemu ya kwanza usiku huu.

Mwanzo nimeuandika hivi, nikosoeni: "Mimi hutembeza wageni Mkunazini, kwa hiyo mjue nimekaa upande gani. Sehemu ya pili ya anime hii ilinitoa machozi na sitaficha. Uhakiki huu unauliza nililia kwa ajili ya nani."

Alama sitoi. Kijiti, usianze.

Kijiti_Kavu
7.