Filamu ya kumulikia saketi: leza, wino wa matangi, au wachapaji wa fulana?

Kondensa_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Bodi zangu zote za saketi nimezitengeneza kwa kuhamisha tona (unga wa printa ya leza) kwenye shaba kwa pasi na karatasi ya jarida inayong'aa, na kwa njia za upana wa milimita moja sijawahi kulia. Sasa nina saketi ya kuchaji betri yenye IC (chipu) ya miguu midogo, 0.65 mm kutoka katikati ya mguu hadi mwingine, na pasi imeniangusha. Tona inasambaa, miguu mitatu inageuka mmoja.

Nimenunua filamu kavu, ile ya bluu inayobandikwa juu ya shaba. Inaganda ikipigwa na mwanga. Kilichobaki ni kuchapa negativu, yaani plastiki ambayo njia za saketi ziko wazi na kwingine kote ni kweusi. Kazini kuna printa ya leza, naruhusiwa kuitumia wakubwa wakishaondoka. Mdogo wangu ana printa ya wino ya matangi. Mtaani kuna vijana wanaochapa fulana, nao huchapa plastiki kama hiyo, wanaiita filamu. Jana nimejaribu leza, nikaiinua dirishani: weusi umejaa vitobo kama chujio la chai.

mzee_wa_valvu
Vitobo hivyo ni kawaida. Leza huweka tona hafifu kwenye eneo pana jeusi, na negativu karibu yote ni nyeusi. Kila kitobo kinachopitisha mwanga kinagandisha nukta ya bluu, na chini ya nukta hiyo shaba haitaliwa na dawa. Ikiangukia kati ya miguu miwili ya IC yako, hapo umepata shoti.

Zima hali ya kubana tona, chapa nakala mbili, zipandanishe uzishike kwa selotepu. Ila pima kwanza. Plastiki inapita kwenye rola yenye joto linalokaribia nyuzi 200, haitoki na kipimo ilichoingia nacho. Chora mistari miwili ya 100 mm, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kisha uipime kwa kalipa. Yangu hutoa 99.4 upande wa urefu. Kwa bodi ndogo si kitu, lakini kwa IC ya miguu 40, kutoka mguu wa kwanza hadi wa ishirini unapoteza karibu 0.3 mm.

Na tafadhali, plastiki ya printa ya wino usiiingize kwenye leza ya watu. Itayeyukia ndani, na hapo kazi utaitafuta kwingine.

dada_solda
Shikamoo mzee. Mimi nimehamia kwenye wino na sirudi. Plastiki ya wino ina upande mmoja mkwaruzo. Lowesha kidole kidogo uguse pembeni, upande unaonata ndio wa kuchapia. Kwenye mipangilio mwambie printa ni karatasi ya picha, ubora wa juu kabisa, ukubwa 100%. Ukiiacha "karatasi ya kawaida" inamwaga wino kidogo.

Kondensa, usiamini macho yako. Wino mweusi wa aina fulani unaonekana mweusi kwetu lakini mionzi ya UV inapita. Jaribu hivi: kata kipande cha filamu kavu, kifunike kwa weusi mtupu, kimulike mara mbili ya muda wako, kisha kioshe. Kikiyeyuka chote, wino ni mzuri. Kikibaki na utando wa bluu, unavuja, pandanisha nakala mbili.

Halafu wino uguse shaba, usiwe juu. Plastiki ina unene wa karibu 0.1 mm, ukiiweka kinyume, mwanga unapenya pembeni chini ya mstari, na kwa njia nyembamba hiyo ni nyingi. Kwa hiyo chapa picha iliyogeuzwa kama ya kwenye kioo, leza au wino, ni yaleyale.

KijanaLuthuli
Mimi nilipeleka kwa watu wa fulana. Filamu ilikuwa nyeusi tii, hakuna kitobo hata kimoja. Lakini jamaa aliipanua ijaze ukurasa, kwa sababu kwake ua la fulana likikua kidogo hakuna anayelalamika. IC haikukaa. Ukienda, peleka PDF yenye ule mstari wa 100 mm na uupime palepale kaunta kabla hujalipa. Mwambie pia unataka negativu, wao wamezoea kinyume chake. Na uliza wanatumia mashine gani, wengine wana printa ya wino kama ya mdogo wako tu.

Ferikloridi
Niulize pembeni: kuosha hiyo bluu isiyoganda, magadi ya kupikia kunde yanafaa?

mzee_wa_valvu
Yanafaa kwa shida. Kinachotakiwa ni kaboneti ya sodiamu, gramu 10 kwa lita. Magadi ghafi ni nusu kaboneti na nusu bikaboneti, tena yana chumvi na udongo, kwa hiyo yanaosha polepole. Yakaange makavu kwenye sufuria kuukuu dakika kadhaa, bikaboneti inageuka. Soda ash, yaani kaboneti yenyewe, ukiipata, achana na magadi, waachie wapishi.

Kondensa_Tanga
Marejesho. Wino umeshinda, nakala moja imetosha. Nilimulika kwa taa ya kukaushia rangi ya kucha ya shemeji. Kwanza kipande cha majaribio, nikikifunua hatua kwa hatua kila sekunde 30. Kwangu dakika moja na nusu ndiyo ilitoa mstari safi. Miguu yote imetengana, nimeipitia kwa lenzi.

Kona moja tu imefifia. Kioo cha fremu ya picha hakikubana vizuri pale, filamu ikainuka. Kesho narudia na vibanio vinne. Na shemeji ameshaanza kuuliza taa yake iko wapi.