Machinarium: nimpe mpwa wangu jibu au nimwache ahangaike? Naomba ushauri

MjombaWaTanga (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Likizo hii ninakaa na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 10, na kwa kuwa sikupenda ashinde kwenye michezo ya kufyatua risasi, nilimnunulia Machinarium, mchezo wa mafumbo uliotengenezwa na studio ndogo ya Amanita Design ya Jamhuri ya Cheki na kutoka mwaka 2009. Niliuchagua hasa kwa sababu wahusika wake hawazungumzi. Mmoja akitaka kueleza jambo, kiputo hutokea juu ya kichwa chake na ndani yake vikatuni huchezacheza, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubahatisha hazuiwi na lugha.

Shida imejitokeza kwingine. Mchezo unaanza roboti mdogo aitwaye Josef akiwa ametupwa kwenye jaa la vyuma chakavu nje ya mji, naye inabidi arudi mjini. Jaani mpwa wangu alipita bila taabu, lakini alipofika langoni, ambapo mlinzi hateremshi daraja kwa mtu asiyemtambua, alianza kubofya kila kona ya skrini, kisha akaja kwangu: "Mjomba, niambie tu." Nikimwambia, anasonga hadi kikwazo kinachofuata na kurudi tena. Nikikataa, ananuna, anafunga kompyuta na kutangaza kwamba mchezo wenyewe ni mbovu. Isitoshe, ameshagundua kwamba ndani ya mchezo kuna kitabu cha majibu.

Naomba mnisaidie kwa mawili. Je, nimruhusu atumie kitabu hicho? Na je, ni mahali gani ambapo wachezaji hukwama kwa kutojua namna mchezo unavyofanya kazi, si kwa ugumu wa fumbo lenyewe?

Nawasilisha.

FundiMafumbo

Mleta mada, swali lako la pili ndilo la kuanza nalo, kwa sababu nina shaka kwamba mtoto huyo hajashindwa na fumbo hata kidogo. Michezo mingi ya aina hii humruhusu mchezaji kubofya kitu chochote kinachoonekana kwenye skrini, lakini huu haufanyi hivyo: Josef hugusa tu kile ambacho mkono wake unakifikia kutoka pale aliposimama. Ukipeleka kishale juu ya kitu kilicho mbali, hakuna kinachobadilika, na mtoto anahitimisha kwamba kitu hicho ni pambo la picha, ilhali angemsogeza roboti hatua chache kishale kingegeuka na kumwonesha kwamba kinashikika.

La pili ni kimo. Josef anaweza kurefuka na kufupika: unambofya, unamvuta juu au chini, na kiwiliwili chake kinafuata. Kilichokuwa hakifikiki akiwa wa kawaida hufikika akiwa mrefu, kwa hiyo kila mahali pageni inafaa apitishwe katika vimo vyote kabla ya kusema hakuna njia. La tatu ni kwamba vitu anavyovimeza na kuvihifadhi tumboni huonekana juu ya skrini, na kimoja kinaweza kuburutwa juu ya kingine ili viungane.

Haya matatu mwambie wazi, wala usiyafanye siri. Kumficha mtoto kanuni za mchezo ukidhani unamfundisha kufikiri ni kumwonea.

MamaPacha

Naunga mkono, ila niongeze kuhusu kitabu, maana inaonekana waliotengeneza mchezo walijiuliza swali lako kabla yako. Kuna msaada wa aina mbili. Upo wa balbu, ambao hutolewa mara moja tu kwa kila mahali, na unachoonesha ni kiputo cha kile ambacho Josef anakitaka, bila kusema atakipataje. Kisha kipo kitabu chenye kufuli. Ili kukifungua inabidi ucheze kimchezo kidogo ambamo unaongoza ufunguo unaoruka huku ukipiga buibui wanaokuzuia, na ukifika mwisho ndipo ukurasa unafunguka na kukuonesha suluhisho lote la mahali hapo, limechorwa kama katuni. Ukikwama kwingine, kazi hiyo unaianza upya.

Kwa maoni yangu, balbu aitumie atakavyo. Watoto wengi hukwama kwa kutojua wanatafuta nini, na akishajua anachokitaka, nusu ya kazi imekwisha. Kitabu nacho usimkataze, lakini akifungue mwenyewe kwa kupambana na wale buibui, usimfungulie wewe. Wangu wa kiume aliona kazi ile inachosha kuliko fumbo, akarudi kwenye fumbo.

Kuhusu langoni (asiyetaka kujua aruke aya hii), usimpe jibu, muulize tu: "Hebu nieleze, askari wa pale ana nini kichwani?" Akitazama vizuri ataona kofia iliyochongoka, ya buluu, yenye taa. Mwache atulie. Baadaye muulize kama kuna chochote pale chenye umbo kama hilo. Koni ya barabarani ipo, rangi ipo, balbu ipo. Atakapoviunganisha atakuwa amepata jibu mwenyewe, ijapokuwa wewe umemwelekeza macho.

KobeMzee

Mimi nitapishana nanyi kidogo. Mtoto yuko likizo, si kwenye mtihani. Mchezo huu ulitunukiwa tuzo ya ubora wa sanaa ya picha kwenye Independent Games Festival, tamasha la michezo ya kompyuta ya watengenezaji wanaojitegemea, mwaka 2009, kabla hata haujatoka rasmi, na ukiutazama huoni ajabu: kila ukuta wenye kutu, kila bomba, kila waya umechorwa kwa mkono. Muziki wa Tomáš Dvořák ni sababu nyingine ya kutosha ya kuucheza. Huko mbele kuna wanamuziki wa mtaani ambao vyombo vyao vimeharibika, na Josef akishawasaidia wanapiga. Ningependa mtoto afike hapo kwa kusaidiwa kuliko aachie njiani akiwa na heshima ya kutosaidiwa. Akikwama na kukunja uso, mwambie, aendelee.

MamaPacha

KobeMzee, hoja yako naielewa, lakini mleta mada ameshatueleza kwamba akimwambia, mtoto anamrudia tena kwenye kikwazo kinachofuata. Akifika kwa wale wanamuziki kwa mtindo huo, atakayekuwa amecheza ni mjomba.

Kijana_wa_Stendi

Samahani kwa kuingilia. Kuna duka mtaani kwetu wananinakilia michezo kwenye flashi kwa bei ndogo. Huu nao naweza kuupata hivyo?

FundiMafumbo

Kijana, usifanye hivyo. Hilo ndilo lililowaumiza watengenezaji wa mchezo wenyewe: mwaka 2010 walitangaza msamaha kwa waliokuwa wamenakili mchezo bila kulipa, wakauuza kwa muda mfupi kwa dola 5. Subiri kipindi cha punguzo, bei hushuka. Na ukikutana na kiungo cha zamani cha kuujaribu ndani ya kivinjari usihangaike nacho, kwa kuwa jaribio lile lilitegemea Flash, programu ya kuendeshea michezo ndani ya kivinjari (si flashi ya kuhifadhia mafaili), ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020.

MjombaWaTanga (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nilimweleza zile kanuni tatu, na swali la kofia ya askari lilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia: alikaa kimya, akasogeza uso karibu na skrini, kisha akasema "koni!" kwa sauti iliyomwamsha bibi yake. Tumekubaliana kwamba balbu ni yake, kitabu ni kwa kupigana na buibui, na mimi ninajibu kwa swali tu.

Sasa yupo kwenye baa, anacheza na roboti mmoja ule mchezo wa kupanga kete tano mfululizo, na anafungwa kila mara. Hapa hata mimi sina swali la kumuuliza, kwa kuwa nami ninafungwa.

KobeMzee

Hapo mpe kanuni, kwa sababu ni mchezo halisi ambao watu huucheza hata kwenye karatasi. Mpinzani akishapanga kete tatu mfululizo na ncha zote mbili zikiwa wazi, zuia papo hapo. Ukimwachia afikishe nne zenye ncha wazi, utaziba upande mmoja naye atamalizia wa pili. Kushambulia ni vilevile kama kwenye drafti, unatafuta hatua moja inayozaa vitisho viwili: weka kete pale ambapo mstari wa ulalo (yaani wa mshazari) na mstari wa wima vinakutana, ili vyote viwili vifike tatu kwa pamoja. Anaweza kuziba mmoja tu. Watoto wengi huitazama mistari ya mlalo na wima na kuisahau ya ulalo, na huko ndiko wanakofungwa.

Chukua daftari la hesabu lenye visanduku, chezeni wawili mkitumia kalamu za rangi mbili, mpaka aanze kukufunga wewe. Kisha arudi baa.