Wachoraji wa Lubumbashi, acheni kutuletea mipindo iliyovunjika kisha mkamlaumu fundi wa kulehemu

Ndugu wachoraji, ndugu mafundi, na wakubwa mnaotia sahihi kwenye michoro, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya mpole. Tangu karakana yetu ya hapa Kampemba ianze kukata bati kwa mashine ya plazma inayoongozwa na kompyuta, hakuna kazi inayotutia hasara kama ile yenye umbo la kupinda. Hasara hiyo haianzii kwenye moto wala kwenye mkono wa fundi. Inaanzia ofisini, kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini akaridhika kwamba mstari wake unaonekana laini, akabonyeza kuhifadhi, akaenda zake.

Chukueni kazi ya majuzi, meza ya mapokezi yenye uso wa inoksi (chuma kisichoshika kutu) uliopinda. Tuliletewa faili la DXF, muundo wa faili za michoro ya kompyuta, la toleo la R12, toleo ambalo halina namna ya kuhifadhi splaini halisi, yaani mstari mmoja mororo unaoongozwa na nukta chache, kwa sababu splaini ziliingia katika muundo huo na toleo la R13 mwaka 1994. Programu ya mchoraji, ilipolazimishwa kuandika kitu ambacho faili haliwezi kukibeba, iliukatakata mpindo wote kuwa vipande vifupi vilivyonyooka, na mwenyewe hakulifungua tena faili hilo kuona kilichotoka. Nilipolikuza kwenye skrini yetu, pale palipotakiwa kuwa na mzunguko mororo palikuwa na pembe moja baada ya nyingine.

Nilipompigia simu alinijibu, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa, kwamba tofauti ni ndogo mno. Haya, tupige hesabu. Tao lenye nusu kipenyo cha milimita 500 likigawanywa katika vipande vya milimita 20, kipande hakiachani na tao halisi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa futi ya karakana hutaiona. Lakini kila vipande viwili vinapokutana kuna pembe ya nyuzi 2.3 hivi, na jicho la mteja halipimi umbali, linafuata mwanga. Bati jembamba la inoksi likilehemiwa kwenye ukingo wa namna hiyo hufuata pembe zake, na taa ya dari ikimulika juu yake, badala ya mng'ao mmoja unaoteleza unapata mistari ya wima kutoka mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, mashine yenyewe hupunguza mwendo inapofika kwenye pembe, moto unakawia mahali pamoja, ukingo unaliwa na uchafu wa chuma unaganda chini yake. Sisi ndio tunaosugua, na kuna kiasi ambacho ukikipita katika kusugua, bati limekwisha. Bati lenyewe limepitia mpakani Kasumbalesa kwa bei mnayoijua.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi kwa kuwa hawatumi vipande vilivyonyooka, wanatuma mstari ulionyooka ulioungwa na tao la duara, tanjenti safi kabisa, yaani vinaungana bila pembe, na wanataka wapongezwe. Kwa geti la bati lililopakwa rangi isiyong'aa sina neno nao, inatosha. Kwa inoksi haitoshi hata kidogo, na nashangaa kwamba mtu mwenye diploma ya uchoraji anahitaji kuelezwa na mkata bati. Ukali wa mpindo ni moja ukiigawanya kwa nusu kipenyo, na mstari ulionyooka, usiopinda kabisa, una ukali wa sifuri. Tao la nusu kipenyo cha milimita 500 lina ukali wa 1/500. Pale vinapoungana mwelekeo ni mmoja, kweli, lakini ukali unaruka ghafla kutoka sifuri bila kupitia chochote katikati, na sura ya taa ikipita pale kwenye bati inavunjika kiwiko. Ndiyo tofauti kati ya muungano wa G1, ambao mwelekeo tu ndio unaolingana, na muungano wa G2, ambao ukali wa mpindo nao unalingana. Wahandisi wa reli hawatoki kwenye njia iliyonyooka na kuingia moja kwa moja kwenye duara. Huweka kati yake kipande ambacho ukali wake unaongezeka taratibu, la sivyo abiria wangesukumwa ubavuni kwa kishindo.

Elimu hii ya kuchora mipindo kwa hesabu si mpya, wala haikuja na simu za kisasa. Paul de Casteljau alikuwa akiishughulikia katika kiwanda cha magari cha Citroën tangu mwaka 1959, na Pierre Bézier akaifanyia kazi Renault katika miaka ya 1960, kwa haja ileile ya kupata bati lililopinda bila alama. Wote wawili waliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wenu mmesomea, kwa hiyo kisingizio cha lugha msiniletee.

Halafu kuna wale wa kubofya nukta nyingi za kuongoza mpindo. Mtu anaona mpindo haumkai, anaongeza nukta, bado haumkai, anaongeza nyingine, mpaka mstari unayumba kati ya kila nukta mbili bila yeye kujua. Mpindo wa Bézier wa daraja la tatu una nukta nne tu, na kati ya hizo unapita kwenye ya kwanza na ya mwisho peke yake, zile za katikati zinauvuta kwa mbali. Papa mmoja seremala hapa jirani, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, hupinda ufito mwembamba wa mbao kwenye misumari michache na kuchora mpindo ambao sijauona kwenye mafaili yenu, kwa sababu ufito unajipinda wenyewe kwa namna inayoulegeza zaidi, na yeye anajua kwamba msumari usio na kazi unaharibu. Splaini iliundwa kuuiga ufito huo.

Zana ya kujikagua mnayo. Programu nyingi za uchoraji huonyesha kitana cha mpindo, yaani vijistari vinavyosimama juu ya mstari, virefu pale unapopinda kwa ukali na vifupi pale unapolegea. Kitana kikiruka ghafla, muungano wenu umevunjika. Kikiyumbayumba, nukta zimezidi. Kukiwasha ni suala la sekunde, na bado katika ofisi hizi naambiwa kwamba "hakuna anayekitumia".

Basi kuanzia sasa, kazi yoyote ya inoksi iliyopinda tutaipokea ikiwa na splaini halisi katika faili la toleo linaloibeba, au, kama ni lazima iwe R12, mpindo uwe umegeuzwa kuwa matao yanayounganishwa kwa tanjenti, mafupi na yenye ukali unaokaribiana, yasiyoachana na mpindo wa asili kwa zaidi ya milimita 0.05, na picha ya kitana iambatanishwe. Faili la vipande vilivyonyooka litarudishwa bila kukatwa. Atakayesisitiza likatwe hivyohivyo atatia sahihi kwamba bati ni lake, na kusugua kutalipiwa kwa saa. Mchoraji anayeona nimemwonea aliweke faili lake hapa chini, tulifungue mbele ya wote.