Remiksi za muziki wa gemu zinazotolewa bure: zikosolewe au ziachwe?

MLETA MADA:
Wakuu, habari za jioni. Kila remiksi ya muziki wa gemu, yaani wimbo wa gemu uliopangwa upya na shabiki, inapokosolewa hadharani, lazima atokee mtu aseme: "Kaifanya bure, kwa mapenzi yake, muacheni." Siikubali kauli hii, naomba tuijadili kwa hoja.

Mtu aliyekesha akipanga upya wimbo wa Koji Kondo au Nobuo Uematsu, watunzi wa Kijapani wa muziki wa gemu, anastahili msikilizaji aliyefika mwisho wa wimbo na kumwambia alichosikia. Kuandika "kali sana mkuu" na kupita hakumsaidii kujua kama bezi yake imemezwa na ngoma.

Chukueni Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mashine ile ya Nintendo ilikuwa na njia 5 tu za sauti, yaani sauti 5 tu ndizo zingeweza kulia kwa wakati mmoja: 2 za mawimbi ya mraba, 1 ya pembetatu, 1 ya mchakacho na 1 ya vipande vilivyorekodiwa. Ile ya pembetatu, ambayo mara nyingi ndiyo iliyobeba bezi, haikuwa hata na namna ya kupandisha au kushusha sauti. Kwa kubanwa hivyo, watunzi wa zama zile walikuwa wakizizungusha noti za kodi moja (noti kadhaa zinazopaswa kulia pamoja) harakaharaka kwenye njia moja, ili sikio lidhani zinalia kwa pamoja. Leo mtu ana fidla 40 ndani ya kompyuta, na zote anazipa ule mzunguko wa harakaharaka, noti kwa noti. Lakini fidla 40 zinaweza kuipiga kodi nzima kwa mara moja! Ujanja uliotokana na uhaba wa njia umegeuzwa kuwa ndio wimbo. Nikimwonyesha hilo nimemponda?

Halafu kuna suala la jinsi wimbo unavyokua na kuisha. Muziki wa gemu hutungwa ujirudie, kwa sababu hakuna ajuaye mchezaji atakaa pangoni dakika 2 au saa nzima. Msikilizaji wa remiksi hayuko pangoni. Anataka wimbo uanze, ukue, ufike mahali. Remiksi nyingi ninazokutana nazo zinapiga mzunguko mmoja, zinaurudia kwa kuongeza ngoma, kisha sauti inafifia. Huko ni kubadilisha vyombo tu.

OverClocked ReMix, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999 na David Lloyd, inagawa nyimbo zake bure. Hata hivyo ina jopo la waamuzi wanaosikiliza, wanapiga kura ya ndiyo au hapana, na sababu zao zinasomwa na kila mtu. Wimbo wa asili lazima utambulike, ila kuunakili peke yake hakutoshi. Kwa nini sisi tuone haya kufanya hivyo?

MWALIMU WA KWAYA:
Naunga mkono hoja, na naongeza jambo linalotuhusu sisi hasa. Wimbo "Baba Yetu" wa mtunzi Mmarekani Christopher Tin ulitungwa kwa ajili ya gemu ya Civilization IV, mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Remiksi zake ni nyingi mno, na wengi wanaozitengeneza hawajui Kiswahili.

Kuna moja nimeisikiliza, mpangilio wake mzuri kabisa, sauti ya nne imekaa vizuri. Inapofika "jina lako litukuzwe", mtengenezaji amekata "litu" akairudiarudia kama mdundo: litu, litu, litu, neno halikamiliki hadi ubeti unaisha. Kwake ile ni sauti tamu tu. Kwangu ni sala iliyokatwa katikati. Msikilizaji wa Japani au Brazili hawezi kumwambia hilo, na sisi tukikaa kimya kwa adabu hatalijua maisha. Nilimwandikia, nikamwonyesha sekunde yenyewe na neno lilipoishia. Sikuona sababu ya kutumia lugha kali.

MPENDA GEMU:
Mimi napinga, na mleta mada ametoa mfano unaomgeuka. Anayepeleka wimbo OverClocked anajua kuna waamuzi, amejipeleka mwenyewe. Dogo wa miaka 15 aliyeweka wimbo ili rafiki zake wausikie hajaomba kura ya mtu. Ninyi mnamfuata mlangoni kwake.

Tena angalieni mazingira. Laptopu ya kuazima, spika za studio hana, anamiksi kwa earphone za simu zisizotoa bezi ya chini. Kwa kuwa haisikii, anaipandisha. Mkiicheza kwenye redio kubwa inavuma, mnaandika "bezi imezidi, hujui kumiksi". Anajua! Hana kifaa. Na maneno yenu yanabaki pale chini ya wimbo, kila anayekuja anayasoma kabla hajabonyeza kusikiliza.

MCHANGIAJI MPYA:
Na wanaokosoa wangapi wamewahi kutengeneza hata moja? Waweke zao kwanza.

MLETA MADA:
Mchangiaji mpya, hapana. Anayekula ugali anajua ulipoungua hata kama hajawahi kushika mwiko.

Mpenda gemu, suala la kuomba naikubali nusu. Mtoto nitamwandikia pembeni, si mbele za watu. Ila ukishauachia umma wimbo, umma utausikia, na sifa za uongo nazo zinabaki pale chini. Kuhusu earphone, hapo ndipo ukosoaji unapokuwa na kazi. Aambiwe hivi: chukua wimbo wa prodyuza unayemwamini, uucheze kwa earphone hizohizo, kwa sauti ileile, ulinganishe bezi yake na yako. Hahitaji kununua chochote. Anayeandika "hujui kumiksi" hajakosoa, ametukana, na huyo simtetei.

PRODYUZA WA CHUMBANI:
Nimesoma wote. Kinachoniumiza mimi hamjakigusa. Nikitoa remiksi, maoni mengi hayahusu bezi wala kodi. Ni "si kama ule wa utotoni". Mtu anatetea kumbukumbu yake, halafu anaiita ukosoaji. Nimeupeleka wimbo wa gemu moja ya zamani kwenye singeli, kasi juu, na sauti ya kuongoza nimeikatakata kama wanavyofanya vijana wa Dar es Salaam. Nikaambiwa nimeharibu. Nimeharibu nini? Hakuna hata mmoja aliyesema kama ngoma zimekaa kisingeli au hazijakaa. Nani anayeweza kuihukumu hiyo kazi, mjuzi wa gemu asiyesikiliza singeli, au mpenda singeli asiyeujua wimbo wa asili?

MWALIMU WA KWAYA:
Wote wawili, kaka, kila mmoja kwa upande wake. Mmoja aseme kama wimbo bado unatambulika, mwingine aseme kama unachezeka.

MLETA MADA:
Prodyuza, hoja yako ni nzito kuliko yangu ya mwanzo. Anayetaka wimbo ubaki ulivyo anao ule wa asili, auache wako. Mimi singeli naisikiliza na gemu nacheza, basi iweke hapa pamoja na jina la gemu. Nitasikiliza wa asili kwanza, kisha wako kwa earphone na kwa redio, nikuandikie dakika kwa dakika. Mpenda gemu naye aje, aniambie nikivuka mpaka.