Kuongea na darasa la Ujerumani kwa video

Mwalimu wa Jiografia, Lushoto:
Habari zenu wanajukwaa. Januari wanafunzi wangu wa kidato cha pili wataongea kwa video na darasa la Ujerumani. Nina simu, projekta na bando la kuungaunga. Nianzie wapi?

Mzee wa Ratiba:
Anza na saa, mwalimu. Januari wako nyuma yetu saa 2: saa 4 asubuhi kwetu, kwao saa 2. Wakibadili saa mwisho wa Machi, tofauti inabaki saa 1.

Mama Neema:
Azima spika, sauti ya simu haifiki dawati la nyuma. Picha ikikwama zima kamera, mazungumzo yaendelee.

Mwalimu wa Jiografia:
Asanteni sana! Binti mmoja ameshaandika swali: theluji ikifunika majani, ng'ombe wanakula nini? Kipindi kitaanza na hilo.