Mrejesho: Miwaridi yenye madoa meusi, Kimara

Habari wakuu. Niliuliza hapa kwa nini miwaridi yangu inaota madoa meusi, majani yanageuka njano na kupukutika, maua hakuna. Asanteni sana wote mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni ushauri wa mdau aliyesema tuache kumwagilia juu ya majani jioni. Ugonjwa wenyewe ni wa ukungu, na vimelea vyake huhitaji jani likae na maji kwa muda wa kama saa 7 hivi ndipo viingie. Kwa unyevu wa Dar, ukimwagilia jioni umewaandalia karamu. Sasa namwaga maji shinani, asubuhi. Majani yenye madoa nikayaokota yote, hata ya chini, nikachoma. Matawi yaliyosongamana nikayapogoa, nikikata juu kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje ili katikati papite hewa.

Mwekundu na wa pinki imechipua vizuri na ina vitumba. Madoa hayajaisha kabisa, ila majani hayadondoki tena hovyo.

Mweupe bado umedumaa. Uko chini ya mwembe, na miwaridi inataka jua saa 6 au zaidi kwa siku. Mwembe haukatwi (baba mwenye nyumba hataki hata kusikia), kwa hiyo mwaridi ndio utahama, masika yakipita.

Vipandikizi vya miwaridi nilivyochovya kwenye shubiri (aloe vera) ili viote mizizi, vingi vimeoza. Vilivyopona ni vile vya unene wa penseli, kwenye mchanga mwingi. Aliyependekeza mchanga, ubarikiwe.